Nenosiri lakubaliwa, kisha narudishwa mlangoni

Swali: Assalaam alaikum, kaka fundi. Nina duka la fotokopi na kuchapa hapa Langoni, Lamu, na kompyuta moja ya mezani yenye Linux Mint, ile ya Cinnamon. Ina akaunti tatu. "Duka" ni yangu, nayo ndiyo iliyoundwa mwanzo. "Watoto" ni ya wanangu. "Madrasa" hutumiwa na ustadh jioni kuandika mitihani kwa Kiarabu. Karibu mwezi mzima nilikuwa siizimi, nafunga skrini tu usiku. Juma lililopita stima ilipotea, iliporudi nikawasha, na tangu hapo nikiandika nenosiri la duka skrini yawa nyeusi kidogo, kisha yanirudisha pale pale pa kuingilia. Hainiambii nimekosea. Watoto yaingia bila shida. Madrasa nayo ina kisa chake: ikiwashwa tu yakubali, lakini ustadh akiifunga skrini kwenda kuswali, akirudi yamwambia nenosiri si sahihi, mpaka tuzime na kuwasha. Tena tukihamahama kati ya akaunti mashine yawa nzito mno. Kijana aliyenitengenezea printa mwanzo wa mwezi kwa amri za sudo asema stima imeharibu Linux, tufute yote tuweke upya. Kazi za wateja zote zimo humo. Nifanyeje?

Jibu: Wa alaikum salaam, dada yangu. Mwambie kijana asubiri. Una matatizo matatu mbalimbali, na hakuna hata moja linalohitaji kufuta kitu. Tena barua yako ina habari nyingi kuliko unavyodhani. Mafundi wengi huletewa mashine na neno moja tu, "haiingii", nawe umenipa nusu ya jibu.

Nyumba zenu za Mkomani zina daka, pale mgeni anapoketi kabla hajajulikana kama ataingia ndani. Kompyuta yako nayo ina daka. Ile skrini yenye majina ya akaunti ni programu inayojitegemea, kwenye Mint huitwa LightDM, na kazi yake ni mbili: kuuliza nenosiri, kisha kumkabidhi mtu kwa Cinnamon, yaani mazingira ya madirisha na menyu, ambayo ndiyo yenye nyumba. Mtu aweza kukataliwa dakani, akaambiwa "sikujui". Au aweza kujulikana, akakaribishwa, na alipotia mguu ndani akakuta mambo yameharibika, akarudishwa nje. Ustadh anakataliwa. Wewe unarudishwa. Ukimtibu mmoja kwa dawa ya mwenzake utashinda kutwa unabadilisha manenosiri yasiyo na kosa.

Nianze na lako, maana ndilo linalokuzuilia riziki.

Umesema watoto yaingia. Hilo limenifungia milango mingi. Skrini wanayotumia wanao ndiyo yako, draiva ya kadi ya picha ni ile ile, diski ni moja, Cinnamon ni moja. Draiva ingekuwa imeharibika, nao wangerudishwa. Diski ingekuwa imejaa pomoni, au imejifunga isiandikike baada ya stima kukatika, wasingefika popote. Kwa hiyo kosa limo katika kitu ulicho nacho wewe peke yako, yaani folda ya /home/duka na faili zilizofichwa ndani yake, zile ambazo majina yao yaanza na nukta.

Sasa swali la stima. Kufungua skrini iliyofungwa si sawa na kuingia upya. Ukifunga skrini usiku, kikao chako kiko hai chini yake, na asubuhi kompyuta yathibitisha nenosiri tu halafu yaondoa pazia. Ukiingia upya baada ya kuwasha, LightDM yapaswa kuandika faili iitwayo .Xauthority ndani ya folda yako, faili ndogo yenye ufunguo unaoruhusu programu zako kuchora madirisha kwenye skrini. Ikishindwa kuiandika, kikao chafa papo hapo nawe warudi mlangoni. Wewe hukuwa umeingia upya kwa karibu mwezi mzima. Jambo lolote lililoharibika katika siku hizo lilikuwa limelala likikungoja, na stima ilichofanya ni kukulazimisha kupita mlangoni.

Na kijana alikuwa na nini mwanzo wa mwezi? Amri za sudo, yaani zinazoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi. Simlaumu, printa ni kiumbe mkaidi. Lakini programu ya madirisha ikifunguliwa kwa sudo kutoka ndani ya akaunti yako yaweza kuacha faili katika folda yako zilizo mali ya root, msimamizi mkuu wa mashine, na wewe mwenye nyumba ukawa huna ruhusa ya kuziandika. Hapo ndipo ninaposhuku. Stima nayo haina usafi kamili: ikikatika katikati ya kuandika, faili yaweza kubaki na jina lake na ndani kukawa tupu. Tutaangalia yote mawili.

Kwenye skrini ya kuingilia bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ikiwa kibodi yako ina kitufe cha Fn na hakuna kilichotokea, kishike nacho. Utaona skrini nyeusi yenye maandishi tu, ikiuliza jina. Andika duka, bonyeza Enter, kisha nenosiri. Usishangae kwamba huoni nyota wala nukta ukiandika, ndivyo ilivyo hapo. Ukiingia, tayari umejua kwamba nenosiri lako ni zima. Ukitaka kurudi kwenye skrini ya picha ni Ctrl+Alt+F7, mara nyingi.

Sasa andika:

ls -la

Litashuka bandiko refu. Kila mstari una majina mawili katikati, mwenye faili na kundi lake. Mistari yako iseme duka duka. Tafuta .Xauthority na jirani yake .ICEauthority. Ukiona root root mbele ya mojawapo, mwizi tumemkamata. Tazama pia nambari inayofuata majina hayo, ndiyo ukubwa wa faili. Ikiwa ni 0, faili ni tupu.

Kwa hali zote mbili dawa ya kwanza ni moja. Usifute, ipe jina jingine:

mv .Xauthority .Xauthority.zamani
mv .ICEauthority .ICEauthority.zamani

Ukiambiwa mojawapo haipo, si neno, endelea. Utauliza, nawezaje kuibadilisha jina faili ya root? Kwa sababu folda ni yako. Mwenye chumba aweza kusogeza sanduku la mgeni hata kama hana ufunguo wa kulifungua. LightDM ikikosa faili hiyo itaunda mpya. Rudi Ctrl+Alt+F7, ujaribu kuingia. Huna haja ya kuwasha upya mashine, wala usiandike amri ya kuanzisha upya LightDM ambayo watu hupenda kupeana, kwa maana ikiwa watoto wana kikao wazi, amri hiyo itakiua pamoja na kila walichokuwa hawajahifadhi.

Ukiingia, alhamdulillahi, lakini kazi haijaisha. Alichoacha root huenda kipo pengine pia, na kitakusumbua polepole: leo mipangilio haihifadhiki, kesho programu ya kuandikia yakataa kufunguka. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo find /home/duka ! -user duka

Amri hii haigusi kitu, yaorodhesha tu kila kisicho chako ndani ya folda yako. Ikitoka kimya, nyumba ni safi. Ikitoa majina, rudisha faili hizo kwa mwenyewe:

sudo chown -R duka:duka /home/duka

Hapa naomba utulie, uvae miwani kama unayo. Baada ya duka:duka kuna nafasi moja, kisha /home/duka yote kwa pamoja. Isiwepo nafasi kati ya mkwaju (/) wa kwanza na neno home. Niliwahi kuiacha nafasi hiyo, mimi mwenyewe, nimeketi kwa mteja huko kwenu nikiwahi boti ya Mokowe ili nipate basi la kurudi Malindi. Nafasi moja tu, na amri ikaelewa "kila kitu kilichomo ndani ya kompyuta kiwe mali ya huyu mtumiaji". Nilipotaka kurekebisha, sudo yenyewe ikanikatalia, ikasema yapaswa kumilikiwa na uid 0, yaani root, na kuwa na alama ya setuid, ile inayoipa programu mamlaka ya mwenye faili. Sikuiona Malindi kwa siku mbili, na siku hizo sikulipwa.

Ikiwa bado warudishwa mlangoni baada ya kuziweka kando zile faili mbili, rudi Ctrl+Alt+F3 uandike:

tail -n 30 .xsession-errors

Hiyo ni daftari ya malalamiko ya kikao chako. Haisomeki kwa raha, lakini mstari wa mwisho au wa kabla yake mara nyingi hutaja faili au programu iliyoangusha mambo. Ikitaja dconf, faili ya mipangilio ya Cinnamon imeharibika, na kwa stima iliyokatika ghafla hilo si geni. Iweke kando vile vile:

mv .config/dconf/user .config/dconf/user.zamani

Utapoteza picha ya nyuma na mpangilio wa vitufe vyako, kazi za wateja hazitaguswa. Ikitaja .profile, faili inayosomwa kila ukiingia, mtu ameongeza mstari humo ukaenda kombo. Amri bash -n .profile itakuonyesha nambari ya mstari wenye kosa la uandishi. Fanya jambo moja, jaribu, kisha jingine. Ukifanya matano kwa mpigo ukapona, hutajua kilichokuponya, na siku nyingine utaanza upya.

Ikiwa una wasiwasi na kazi za wateja, zinakili kabla ya yote haya, na hilo lawezekana leo hii ukiwa umefungiwa nje. Ingia kwa watoto, chomeka flashi, fungua terminali, andika su - duka na nenosiri lako. Hapo wewe ni duka ndani ya dirisha la watoto. Kisha sudo cp -r, njia ya folda ya kazi, na njia ya flashi, ambayo itakuwa chini ya /media/watoto. Amri ls /media/watoto itakuambia flashi yaitwaje. Nilitamani kila mwenye duka la kuchapa ajue jambo hili, maana wengi hulipia "kuokoa data" ambayo haikuwa imepotea.

Sasa ustadh.

Yeye anakataliwa, na umesema neno ambalo laniridhisha kabisa: ikiwashwa upya yakubali. Nenosiri lililosahaulika haliponi kwa kuzima na kuwasha. Kinachopona ni hali ya kibodi.

Ustadh anaandika Kiarabu. Kabla ya kwenda kuswali afunga skrini, na kibodi iko bado kwenye Kiarabu. Skrini iliyofungwa si lile daka la wote. Hilo ni pazia lililo ndani ya kikao chake mwenyewe, nalo labaki na lugha aliyoiacha. Akirudi, chukulia nenosiri lake laanza na dau. Vidole vyabonyeza d, a, u, lakini kompyuta yapokea ي ش ع. Yeye aona nukta tatu, kama kawaida. Kompyuta yaona herufi tatu ngeni. Wote wawili wana haki. Mkizima na kuwasha, kikao chafa, na skrini ya kuingilia yaja na lugha ya mashine nzima, ambayo kwako bila shaka ni Kiingereza, na nenosiri lakubaliwa.

Kuhakikisha: ikimkatalia tena, msizime. Atazame karibu na kisanduku cha nenosiri kama kuna alama ya lugha au bendera ndogo, aibonyeze mpaka irudi Kiingereza. Kama haoni alama, atumie vitufe vile vile anavyobadilishia lugha akiwa anaandika, kisha ajaribu. Njia nyingine ya uhakika ni Ctrl+Alt+F3, aingie kwa jina madrasa na nenosiri lake. Kule lugha ya kikao chake haifiki. Ikikubali kule na kukataa huku, kesi imekwisha. Atoke kwa kuandika exit.

Ikikataa na kule, ndipo tushuku nenosiri lenyewe. Wewe kwa akaunti yako andika sudo passwd -S madrasa. Baada ya jina kuna herufi: P maana yake nenosiri lipo na lafanya kazi, L akaunti imefungwa, NP haina nenosiri. Kumpa jipya ni sudo passwd madrasa. Ila jua kwamba mkibadilisha kwa njia hiyo, ile pochi ambamo kivinjari huhifadhi manenosiri yake itabaki na nenosiri la kale, na itamwuliza kila akiingia. Sioni kwa nini mfike huko.

Uzito wa mashine wahusiana na tabia hiyo hiyo ya kufunga skrini. Mkibadilisha mtumiaji, aliyetangulia hajatoka. Programu zake zote ziko wazi nyuma ya pazia: kivinjari chako chenye kurasa ishirini, mchezo wa watoto, na waraka wa ustadh, zote zagawana kumbukumbu moja. Kompyuta ya GB 4 humudu kikao kimoja kwa raha, viwili kwa kunung'unika, vitatu kwa kugugumia, na wakati mwingine skrini hubaki nyeusi kwa sababu yahangaika kuhamisha vitu kwenda diski. Andika:

loginctl list-sessions

Utapata safu kama hizi:

2  1000  duka     seat0  tty7
5  1001  watoto   seat0  tty8
9  1002  madrasa  seat0  tty9

Hiyo ni orodha ya walio ndani sasa hivi. Skrini ikibaki nyeusi baada ya kubadilisha, hesabu za mwisho ndizo njia ya kutokea: tty8 ni Ctrl+Alt+F8, na kadhalika. Mara nyingi kikao ni kizima na ni picha tu iliyokwama. Amri free -h itakuonyesha kumbukumbu iliyobaki. Kumtoa mtu kwa nguvu ni loginctl terminate-session 5, lakini hiyo ni sawa na kumzimia stima yeye peke yake. Waraka usiohifadhiwa waenda. Kwa watoto sawa, kwa mtihani wa ustadh muulize kwanza.

Ningekuwa mimi, ningeweka sharti moja dukani: anayeondoka kwa dakika tano afunge skrini, anayempisha mwenzake atoke kabisa. Ustadh akitoka badala ya kufunga, kibodi yake ya Kiarabu yaenda naye na mashine yapata nafasi. Watoto hawatakubali sharti hili siku ya kwanza.

Niongeze neno kwa wasomaji ambao kwao hakuna hata akaunti moja inayoingia, maana ushauri niliompa dada huyu hautawafaa. Ninyi anzeni na df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, kwenye skrini ya maandishi. Sehemu yenye alama ya mkwaju peke yake ikisoma 100%, hapo ndipo penye ugonjwa. Mfumo wa faili uitwao ext4 kwa kawaida huweka kando asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root, ndiyo maana mashine yawaka na kuonekana nzima huku watumiaji wa kawaida wakirudishwa mlangoni. sudo apt clean na sudo journalctl --vacuum-size=200M zitawapa pumzi ya kwanza. Tazameni pia .xsession-errors za kila mtu, nimeikuta moja hapa Malindi imefura kuliko picha za harusi. Kama nafasi ipo, andikeni ls -ld /tmp: mstari uanze na drwxrwxrwt, na ile t ya mwisho iwepo. Kama diski yakataa kuandikwa chochote, imejifunga baada ya kugundua kosa, yahitaji fsck, programu ya kukagua na kurekebisha diski, kutoka kwenye flashi ya Mint, na hapo msiharakishe. Na kama yote yameanza siku mliyosasisha kerneli, yaani kiini cha Linux, washeni mashine mchague kerneli ya zamani kwenye orodha ya mwanzo, muone.

Dada, ukifika kwenye ile amri ya find na ikatoa majina, yapige picha kwa simu unitumie kabla hujaandika chown. Nataka kuona kijana alifungua nini kwa sudo, maana kama ni programu ya printa, huenda na foleni ya kuchapa nayo imebaki mikononi mwa root, na utaniandikia tena kesho kwamba printa yanguruma bila kutoa karatasi.